Jaji Asiyemwona Mtoto

Jalada la kesi ya mwanafunzi aliyefanyiwa ubaya na mtu wa shuleni kwake, likianzia sekta ya Gitambi, wilayani Rusizi, Rwanda, lina njia yake inayojulikana. Linafunguliwa RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Linapita kwa mwendesha mashtaka, kisha linafika Mahakama ya Kati ya Rusizi, ambayo wenyeji huiita Urukiko Rwisumbuye. Akitiwa hatiani, mshtakiwa ana mwezi mmoja wa kukata rufaa, na ni nadra asikate, maana kifungo kinachomkabili hakianzii chini ya miaka 20. Jalada linapanda Mahakama Kuu, yenye tawi lake huko huko Rusizi. Likipata sababu za kisheria za kupanda tena, linakwenda Kigali kwenye Mahakama ya Rufaa, mahakama changa iliyoanzishwa mwaka 2018.

Kadiri jalada linavyopanda ndivyo watu wanavyopungua. Mama aliyegundua hayupo tena. Muuguzi aliyempima mtoto ameshahamishwa kituo. Mtoto mwenyewe, kama wazazi wana busara na uwezo, amehamishiwa shule nyingine na anajaribu kusahau. Anayebaki ni mrufani, wakili wake, mwendesha mashtaka, na jaji mwenye karatasi mbele yake. Jaji huyo hakumwona binti akinyamaza kabla ya kujibu. Anajua tu yale ambayo karani aliyaandika.

Nimesoma hukumu nyingi za rufaa za aina hii, hasa za Tanzania na Kenya ambako huchapishwa kwa wingi, na zimenifikisha mahali pamoja: kesi inayoanguka kwenye rufaa, mara nyingi iliangushwa siku ile ya kwanza, na watu ambao hawakujua kwamba wanaandika rufaa. Mwalimu mkuu aliyeita wazazi "tuzungumze kwanza". Askari aliyekosea tarehe. Hakimu aliyekuwa na haraka.

Nianze na sheria yenyewe. Kifungu cha 133 cha sheria ya makosa ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 kinaadhibu kitendo cha ngono kwa mtoto kwa kifungo cha miaka 20 hadi 25. Mtoto akiwa hajafika miaka 14, adhabu ni kifungo cha maisha, na sheria ilipotungwa iliongeza kwamba adhabu hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote ile. Wakili Florida Kabasinga aliipeleka ibara hiyo Mahakama ya Juu. Desemba 4, 2019 majaji walimkubalia: kumfunga jaji mikono asiangalie mazingira ya kosa wala ya mkosaji kunagongana na haki ya kusikilizwa kwa utaratibu wa sheria na kunaingilia uhuru wa mahakama. Watu wengi waliisikia hukumu hiyo kama zawadi kwa wabakaji. Sikubaliani nao. Hukumu haikumfungulia mtu yeyote mlango wa gereza. Ilichofanya ni kuubadilisha mjadala wa rufaa. Kabla yake, mwenye kifungo cha maisha hakuwa na la kuomba isipokuwa aonekane hana hatia kabisa. Sasa anaweza kusimama mbele ya jaji wa Rusizi na kusema: nimekiri, ni kosa langu la kwanza, nihesabieni miaka.

Nchini Kenya hadithi imekwenda kinyume. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inaweka kiwango cha chini kwa kila umri: mtoto wa miaka 11 kushuka, maisha, wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa 16 na 17, si chini ya 15. Baada ya uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017, uliofuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, majaji kadhaa waliutumia kupunguza vifungo vya unajisi pia. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu, na Julai 12, 2024 ikarudi tena kwa sauti kubwa zaidi: viwango vya chini vya sheria ya 2006 ni halali, na Mahakama ya Rufaa ilikosea kushuka chini yake. Basi mwalimu aliyehukumiwa Kisumu na mwalimu aliyehukumiwa Rusizi, kosa lao likiwa lile lile, wanaandika sababu za rufaa zisizofanana kabisa. Wa Rusizi anaomba huruma. Wa Kisumu, kwa kuwa mlango wa huruma umefungwa, hana budi kutafuta kasoro.

Na kasoro hupatikana.

Ya kwanza ni umri. Mtu atadhani hili ni jambo jepesi katika kesi ya shule, mahali ambapo kila mtoto ana jina kwenye rejista. Lakini rejista ni mali ya shule, na shule ndiyo iliyoko matatani. Nchini Kenya umri ndio unaoamua mtu afungwe miaka mingapi, hivyo usipothibitishwa jengo zima linayumba. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia mara nyingi kwamba umri ambao mtoto anautaja anapojitambulisha kwa hakimu, jina, kabila, dini, miaka, haujawa ushahidi; ni lazima mtu aulete kama ushahidi, awe mama, daktari, mwalimu au cheti cha kuzaliwa. Mama anasimama kizimbani nusu saa nzima, anaulizwa kila kitu, na hakuna anayemuuliza binti yake alizaliwa lini. Miaka mitano baadaye jaji anapekua kumbukumbu na hakuti kitu.

Ya pili ni karatasi za hospitali. Tanzania kuna fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na Kenya kuna P3. Sheria iliyojengwa na Mahakama ya Rufani tangu shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003 inadai kwamba kielelezo kikishapokelewa kisomwe kwa sauti mahakamani, mshtakiwa asikie kilichomo. Hakimu akisahau kukisoma, kielelezo kinaondolewa kwenye kumbukumbu kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Mwalimu wangu mmoja wa sheria alikuwa akisema kwa utani kwamba kuna watu Tanzania wako huru kwa sababu hakimu alikuwa na mafua siku hiyo. Utani huo una chumvi, maana daktari akitoa ushahidi kwa mdomo mara nyingi kesi husimama hata bila karatasi. Lakini si kila siku daktari huletwa.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni namna mtoto anavyosikilizwa.

Zamani sheria zetu, tulizoachiwa na Waingereza, hazikumwamini mwanamke wala mtoto katika kesi za ngono mpaka apatikane shahidi mwingine wa kumuunga mkono. Katika kesi za mwalimu na mwanafunzi sharti hilo lilikuwa kama kinga, maana mambo haya hutendeka stoo, nyumbani kwa mwalimu, au darasani baada ya wenzake kuondoka. Tanzania ililivunja sharti hilo kwa sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoingiza ndani ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ruhusa ya kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathirika peke yake, mradi mahakama iandike kwa nini imeridhika kwamba anasema kweli. Kenya ililifuta kwa wanawake kupitia hukumu ya Mukungu ya mwaka 2003, na kwa watoto kupitia nyongeza ya kifungu cha 124 cha Sheria yake ya Ushahidi. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliandika kanuni ambayo leo kila mwendesha mashtaka anaijua kwa kichwa: ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa.

Lakini kabla mtoto hajasema, palikuwa na mlango wa kupita. Hakimu alitakiwa amhoji kwanza aone kama anaelewa maana ya kiapo, na kama haelewi, kama ana akili ya kutosha kutoa ushahidi na anajua wajibu wa kusema kweli. Maswali na majibu yaandikwe. Mahakimu wengi waliandika mstari mmoja tu: mtoto ana akili. Kwenye rufaa mstari huo uliwagharimu. Ushahidi wa mtoto ulishushwa hadhi au kufutwa, na majaji wenyewe hawakukubaliana kuhusu matokeo ya kosa hilo mpaka jopo pana la Mahakama ya Rufani lilipokaa katika shauri la Kimbute Otiniel. Bunge liliingilia mwaka 2016 na kurahisisha: mtoto wa umri mdogo atoe ahadi tu ya kusema kweli na kutosema uongo. Mtu angedhani mzozo umekwisha. Mwaka 2019 rufaa zikaanza kuja na hoja mpya, kwamba ahadi haikuandikwa, au iliandikwa na hakimu kwa maneno yake na si ya mtoto. Majaji ikabidi waelekeze maswali ya kumuuliza mtoto kabla ya ahadi: una miaka mingapi, unaabudu dini gani, unaelewa maana ya kiapo, unaahidi kusema kweli.

Msomaji wa Tanzania, na wengi wa Kongo pia, wanaijua kesi iliyobeba matatizo haya yote hadharani, ingawa kwa kawaida huikumbuka kama kesi ya wanamuziki. Mwaka 2003 mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, aliyetoka Kongo na kuweka makazi Dar es Salaam, alikamatwa pamoja na wanawe watatu, akiwemo mwimbaji Papii Kocha. Watoto waliodaiwa kutendewa walikuwa wa Shule ya Msingi Mashujaa, Sinza, wenye umri wa miaka sita hadi minane. Wachache wanakumbuka kwamba kizimbani alikuwepo mshtakiwa wa tano, mwalimu wa shule hiyo. Mwalimu huyo aliachiwa. Baba na wanawe, Juni 25, 2004, walihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kisutu.

Mahakama Kuu ilitupa rufaa yao mwaka uliofuata. Februari 11, 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, Nguza Mbangu na Francis, na kuwabakiza gerezani baba na Papii. Ombi la mapitio liligonga mwamba mwaka 2013. Desemba 9, 2017, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe. Miezi mitatu baadaye, Machi 23, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Arusha ilitoa hukumu katika shauri walilofungua mwaka 2015: Tanzania ilivunja haki yao ya kujitetea, miongoni mwa mengine kwa kutowapa nakala za maelezo ya mashahidi na kutoita mashahidi muhimu.

Siku ile ya msamaha mitaa ilishangilia. Magazeti yaliandika kuhusu wanamuziki waliotoka, nyimbo zao, nywele zao zilivyokuwa. Sikuona mahali palipoulizwa kuhusu wale watoto wa Mashujaa, ambao kwa hesabu walikuwa wamevuka miaka 20. Wenye kuamini kwamba Babu Seya alionewa wana hoja, na mahakama ya Arusha iliwapa sehemu ya hoja hiyo. Lakini nyaraka kunyimwa mshtakiwa hakuthibitishi kwamba mtoto alidanganya. Kunathibitisha kwamba hatutajua kwa uhakika ambao mahakama ingeweza kutupa, na hasara hiyo inampiga mtoto kama inavyompiga mfungwa. Kila utaratibu unaoachwa mwanzoni ili "kumsaidia mtoto" hugeuka baadaye kuwa silaha dhidi yake.

Mfungwa wa Rusizi leo asingeweza kupita njia ile ya Arusha. Rwanda iliondoa mwaka 2016 tamko lililowaruhusu raia kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Tanzania nayo ikafuata mwaka 2019. Rwanda ina mlango wake wa ndani badala yake: hukumu ya mwisho inaweza kusomwa upya kwa sababu ya akarengane, yaani dhuluma iliyo wazi, mwenye madaraka akikubali kwamba ombi lina msingi. Mlango ni mwembamba, na ni haki uwe mwembamba, la sivyo mtoto angeitwa kila baada ya miaka miwili kuthibitisha upya maumivu yake.

Turudi shuleni, maana huko ndiko nguvu inayofanya kesi hizi zitofautiane na nyingine. Sheria ya Kenya, kifungu cha 24, inamtaja mwalimu mkuu, mwalimu na mwajiriwa yeyote wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, hata pale ambapo kitendo si unajisi wala ubakaji: si chini ya miaka 10. Neno mwajiriwa linamfikia mlinzi wa geti, mpishi, dereva wa basi, mtunza bweni, mhasibu anayejua ada ya nani haijalipwa. Na kwa kuwa umri si kigezo hapo, kinamlinda pia msichana wa kidato cha nne mwenye miaka 19, ambaye wengi wetu tungesema "amekubali mwenyewe". Uganda, tangu marekebisho ya 2007, mwenye mamlaka juu ya mtoto anashtakiwa kwa kosa zito zaidi, mbele ya Mahakama Kuu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu, sheria ya Kongo ya Julai 20, 2006 huongeza maradufu kiwango cha chini cha adhabu ya ubakaji mtendaji akiwa mwalimu wa mwathirika, na sheria pacha yake ilipiga marufuku kuzima kesi kwa faini ya makubaliano.

Marufuku hiyo ilikuwa na sababu. Kuyamaliza nyumbani ni desturi inayovuka mipaka yote. Zanzibar watu hulemewa na muhali. Mwalimu wa madrasa ni jirani, mtoto wa shangazi, ndiye aliyemsomea marehemu. Kwenye vilima vya Rusizi mwalimu ndiye anayewaandikia wazee barua, na mshahara wake unalisha nusu ya ukoo. Zinapita wiki mbili za vikao, mbuzi anatajwa, ndoa inatajwa. Makubaliano yanavunjika, ndipo familia inakwenda polisi. Na hapo wakili wa mrufani anapata hoja aliyoingoja: kwa nini walichelewa?

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema mwaka 2002, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaongeza uzito wa maneno yake, na anayekawia bila maelezo anazua shaka. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye kesi ya uhalifu wa kawaida. Kuitumia kwa mwanafunzi ni kumdai kitu ambacho shule nzima imejengwa kukizuia. Anayemkosea ndiye anayemsahihishia mtihani. Majaji wengine wameliona hilo na kuukubali ukimya kama sehemu ya kosa lenyewe. Wengine hawakuona, au hawakuwa na maelezo ya kuwawezesha kuona, kwa sababu mwendesha mashtaka hakumuuliza mtoto swali dogo: ulimwogopa nani?

Lazima niseme upande wa pili bila kigugumizi. Kesi za kubambikwa zipo. Shule ina fitina zake: ukuu wa shule unaogombewa, deni kati ya walimu, mzazi aliyekasirika mtoto kuchapwa. Mahakama ya Rufani, iliyoweka kanuni ya Makumba, imeonya pia katika hukumu za baadaye kwamba neno la mwathirika lisipokelewe kama aya ya msahafu, lipimwe. Kazi ya kupima ndiyo kazi ya rufaa ya kwanza. Shauri la Okeno la mwaka 1972, linalotajwa mpaka leo kuanzia Mombasa hadi Kampala, lilisema mrufani ana haki ya kutegemea ushahidi wote uchambuliwe upya na jaji afikie uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka tu kwamba hakuwaona mashahidi. Kukumbuka huko kuna uzito. Jaji makini, akikuta hakimu ameandika kwamba binti alijibu bila kusita hata alipobanwa maswali, huwa mzito kuuvuruga uamuzi. Akikuta hakimu hakuandika lolote kuhusu mwenendo wa shahidi, anabaki na maneno makavu, na maneno makavu humpendelea mwenye wakili.

Muda nao si rafiki wa maskini. Kenya inatoa siku 14 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu. Tanzania inataka kusudio ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya siku 45 baada ya kupata nakala. Rufaa nyingi za walimu waliofungwa huandikwa gerezani kwa mkono, na mfungwa mwenzake aliyegeuka bingwa wa vifungu, na ukizisoma utaona sababu zile zile kumi zikizunguka: umri, PF3, ahadi ya mtoto, tarehe ya hati ya mashtaka isiyolingana na ushahidi. Baadhi hushinda. Mimi sioni aibu katika hilo; aibu iko kwa aliyeandika tarehe mbili tofauti.

Mtoto naye ana nini? Rwanda, kwa utamaduni wa sheria iliyourithi kutoka Ubelgiji, humruhusu mwathirika kudai indishyi, fidia, humo humo ndani ya kesi ya jinai. Kenya njia hiyo haikuwepo kwa wasichana wawili wa Shule ya Msingi Jamhuri, Nakuru, ambao hukumu inawataja kwa herufi tu, W.J. na L.N. Walimlalamikia naibu mwalimu mkuu mwaka 2010. Mahakama ya jinai ilimwachia. Wasichana, wakisaidiwa, walifungua shauri la kikatiba Nairobi dhidi yake, shule, serikali na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ambayo mwaka huo huo wa 2010 ilikuwa imetoa waraka nambari 3 unaomtaka kila mwalimu aliyejua jambo kama hilo aliripoti.

Mei 19, 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa shilingi milioni mbili na milioni tatu. Alisema kuachiwa kwa mtu katika jinai hakumalizi swali la haki za mtoto, kwa kuwa kipimo cha ushahidi si kimoja, na kwamba mwajiri anayemweka mtu juu ya watoto hawezi kujivua kwa kumfukuza kazi baada ya madhara. TSC ilikata rufaa. Ilidai kwamba mwalimu alitenda yake mwenyewe, nje ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Kwangu mimi, Tume ilipaswa kujibu nani shuleni alijua, alijua lini, na siku hiyo alifanya nini.